Uzi: Meseji zinazojituma zenyewe kwa wateja, mlango wa kutokea njo wa kujenga kwanza

Yaya_Kampemba

Jambo ba ndugu wote. Nimesoma hapa maswali mengi ya programu gani ni nzuri kwa meseji za wateja zinazojituma zenyewe, mmoja anasema Brevo, mwingine Mailchimp, mwingine Mautic juu ni ya bure, na majibu yote yanaishia ku bei. Minaomba tuongee kitu kingine. Niko nafanya kazi mu depo ya vifaranga na chakula cha kuku hapa Lubumbashi, mimi njo nilijenga safari zote za meseji za pale (safari ni mpango wa meseji zinazofuatana zenyewe siku kwa siku), na mara ya kwanza nilizijenga vibaya, na mutu aliyeumia hakuwa mimi.

Mwaka jana mwezi wa sita mama mmoja wa Katuba alichukua vifaranga 200. Munajua baridi ya mwezi wa sita kwetu, usiku kipimo kinaweza kushuka chini ya digri 10, na kifaranga cha wiki ya kwanza kinataka digri kama 32 mpaka 35 pale kinapolala, hata wiki ya pili bado kinataka moto. Umeme ulikatika, makala zikazimika katikati ya usiku, asubuhi akakuta wamelundikana mu kona moja wamekandamizana, karibu wote wamekufa. Ilikuwa siku ya 9. Siku ya 14, 9h00 kamili, programu yetu ikamutumia: "Hongera Mama! Vifaranga vyako vimefikisha wiki 2. Leo ni chanjo ya Gumboro, pita depo." Alipita kweli. Aliweka simu juu ya kontwari mbele yangu na akaniuliza polepole, "Mwanangu, nani alikuambia wako wazima?"

Programu ilifanya vile nilivyoiambia. Ile siku nilizima safari yote nikaanza upya, na nataka niwaandikie namna niliijenga tena, juu naona wengi mu hapa munajenga paka vile mimi nilijenga.

Kwanza kianzio. Nilikuwa nimeweka malipo: mteja akilipa kwa keshia, anaingia mu safari. Kwetu sisi ile ni siku ya furaha lakini kwa mteja haina maana, juu analipa leo na vifaranga vinashuka na gari siku nne tano baadaye, mara wiki, kufuatana na barabara ya Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia. Kwa hiyo ba mama walikuwa wanapata meseji "leo ni siku ya 7, chanjo ya Newcastle" na kibanda bado iko tupu. Sasa kianzio ni siku ile mteja anapobeba makartoni mikononi mwake. Kijana wa depo anaandika tarehe palepale, na bila ile tarehe mutu haingii popote.

Pili, na hapa njo nilipoteza muda mwingi sana, kuna kusubiri kwa namna mbili na programu nyingi zinaziweka karibu-karibu hata usione tofauti. Namna ya kwanza inasema "subiri siku 6 tangu mutu ameingia". Namna ya pili inasema "subiri mpaka tarehe ya kushuka ukijumlisha siku 6". Ukifanya kwa namna ya kwanza, na kijana amesahau kuingiza majina ya Ijumaa akayaingiza Jumatatu, kila meseji ya wale watu inachelewa siku tatu mpaka mwisho, na chanjo haingojei. Ukifanya ya pili, hesabu inafuata kifaranga, haifuati keshia. Lakini hapo pia angalia: kama tarehe imekwisha kupita, programu zingine zinatuma meseji zote za nyuma kwa mara moja, mutu anapata tatu mu dakika moja. Lazima utafute pale wanaposema hatua iliyopita irukwe.

Na tarehe yenyewe. Sisi tunaandika 03/06 tukimaanisha tarehe tatu ya mwezi wa sita, programu iliyotengenezwa Marekani inasoma tarehe sita ya mwezi wa tatu. Ubaya ni kwamba tarehe 1 mpaka 12 zinaingia kimyakimya zikiwa zimegeuzwa, paka kuanzia 13 njo inakuambia kuna kosa, na wewe unafikiri kosa ni ile safu moja. Mu Eksel yetu sasa ni mwaka kwanza, 2025-06-03, na hakuna mutu anaruhusiwa kuandika namna ingine.

Tatu, milango ya kutokea. Minasema milango, mingi, juu mutu anaweza kutoka kwa sababu nyingi: ameuza, kuku wamekufa, ametupa kazi ile, hataki tena meseji zetu, ama amegawa vifaranga kwa ndugu yake na simu ile si ya mwenye kibanda. Kila meseji mbele ya kutoka inapita kwanza ku swali: huyu bado ana kuku? Kama jibu hatuna kwa siku 10, haipokei tena za hongera, anapokea paka moja ya kuuliza.

Nitaendelea jioni, umeme unarudi saa ile.

Mwana_wa_Ruashi

Yaya asante sana kwa kuandika hii. Mimi niko na swali la ule mlango. Mama wa sokoni anatokaje? Sisi tulikuwa tunaweka "jibu STOP" chini ya SMS na hakuna hata mmoja alijibu, patro akasema basi wote wanafurahi.

Yaya_Kampemba

Mudogo, angalia SMS yenu inaonyesha nini pale juu, namba ama jina la duka? Kama ni jina, mutu hawezi kujibu. Lile jina, ambalo haliwezi kupita herufi 11, ni la kutuma tu, halina njia ya kurudi, mutu akiandika STOP simu yake inakataa ama inaenda mu hewa. Sisi pia tulikaa miezi mingi tukifikiri hakuna anayekataa. Wateja walikuwa wanajibu, sisi njo hatukuwa na masikio.

Dawa tuliyoipata ni kubipa. Kila mutu hapa anajua kubipa, haitaki kredi. Tulinunua namba moja kwa ile kazi tu, bip ikiingia kijana anafungua jina, anapiga, anauliza. Meseji ya jioni ya siku ya 6 sasa iko hivi, neno kwa neno:

"Jambo Mama. Kesho kuku wanafika siku 7. Chanjo ya Newcastle asubuhi. Usitie javel mu maji. Wanyime maji saa 1 mbele. Kama hauna tena kuku, bipa 0XXXXXXXXX."

Na namba yetu ya tarakimu 10 inafika herufi 155, kwa hiyo inaingia mu SMS moja. Ni jioni ya siku ya 6, haiendi asubuhi ya siku ya 7, juu chanjo ile hai inatiwa mu maji ya kunywa, na javel (klorini, maji ya robinet iko nayo) inaiua, na mutu aliyekwisha kujaza maji ya robinet alfajiri hawezi tena kurudi nyuma. Mteja anatakiwa kulala akijua.

Kolwezi_depo

Mukubwa hapo ku herufi uelezee vizuri, sisi facture ya SMS ya mwezi wa kumi na mbili ilikuja mara mbili na idadi ya wateja ni ileile.

Yaya_Kampemba

Minaweza kuwa na hakika karibu yote kwamba mulituma kwa Kifaransa na mukaandika neno la sikukuu, fête, na ile ê yake. SMS moja ni herufi 160 kama herufi zote ziko mu orodha ile ya zamani ya simu. Orodha ile iko na é, è, à, ù. Haina ê, haina ç ndogo, haina ô wala î. Ukitia hata moja tu, meseji yote inahamia ku maandishi mengine na nafasi inashuka mpaka 70. Na ikiwa ndefu inakatwa vipande, hapo si 160 tena, kila kipande ni 153, ama 67 kwa yale maandishi mengine. Herufi 120 zenye ê moja ni vipande viwili, unalipa mara mbili. Kuna makampuni ya kutuma yanayobadilisha ê kuwa e yenyewe, kuna mengine hayafanyi, jaribu ku simu yako mwenyewe mbele ya kutuma kwa wote.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia sana, hakina alama juu ya herufi. Hatari yake ni moja, ile alama ya ng'ombe. Ukiandika mu simu ama mu Word inakuwekea ile iliyopinda, na ile iliyopinda haimo mu orodha. Andika ile iliyonyooka. Na usitie picha ya kuku ama moyo, picha moja ndogo inafanya kama ê.

Himbi_Goma

Salamu kutoka Goma. Dada ama kaka sijui, naomba kuongeza mambo mawili kwa upande wetu. La kwanza namba. Hapa mtu mmoja yuko na Airtel ya +243 na namba ya Rwanda ya +250 juu anavuka kila siku, na kwenye listi anaingia mara mbili kama watu wawili, anapata kila kitu mara mbili na anakasirika. Halafu +243 yenyewe imeandikwa namna nne, kuna 0 mbele, kuna 243, kuna +243, kuna 00243. Programu inaona watu wanne. Tulisafisha yote ikawa +243 na tarakimu 9 baada yake, basi, ndiyo kazi ilikula wiki nzima lakini bila ile huwezi hata kusema mtu ametoka, anatoka na namba moja anabaki na nyingine.

La pili saa. Tulifungua akaunti, ikauliza nchi, tukachagua Kongo, ikaweka saa ya Kinshasa. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Meseji ya 18h00 inafika 19h00. Si mbaya sana, lakini mwenzetu mmoja aliacha saa ya New York kama alivyoikuta, akapiga hesabu akaona sawa, saa 6 tofauti, akapanga yote kwa hesabu ile. Mwezi wa kumi na moja Marekani wakarudisha saa zao nyuma, tofauti ikawa 7, na meseji zote zikahama peke yake bila mtu kugusa kitu.

Yaya_Kampemba

Ndugu wa Goma asante, ya New York hatukuipata lakini ya Kinshasa ndiyo. Na sisi huku ni +260 ya Zambia, ba mama wa Kasumbalesa wote wako nayo. Namba inatakiwa ku-uliziwa hivi: "ni ile simu unalala nayo?" Ile njo tunaandika.

Mwana_wa_Ruashi

Na jina yaya? Sisi tunaanza na "Bonjour" halafu jina na siku moja lilitoka "Bonjour ," peke yake kwa watu karibu wote.

Yaya_Kampemba

Juu ile sehemu ilikuwa tupu na hamukuweka neno la akiba. Kila programu inakuruhusu kuweka neno la kusimama mahali pa jina kama jina halipo, weka hata "ndugu mteja".

Lakini kwa kweli mimi nilitoa majina kabisa. Programu hizi zimejengwa kwa watu wa majina mawili, sisi tuko na matatu, jina, postnom na prénom (lile la ubatizo), na keshia anaweka lolote popote. Tena mama wa miaka sitini kuitwa prénom tupu mu meseji ya biashara, na mutoto wake njo anamusomea, ile si heshima. Tuliongeza safu moja inayosema "tumwite nani", na mutu anaulizwa mwenyewe siku ya kubeba makartoni. Wengi wanasema Mama tu, ama Mama na jina la mutoto wa kwanza. Baba mmoja alisema "andika Pasta". Inachukua dakika nusu na tangu pale watu wanajibu kama wanaongea na mutu.

Depo_Likasi

Mimi niliweka Mautic ku ordinateri ya biro ili nisilipe kila mwezi. Inafanya kazi vizuri ila kuna usiku watu walipata meseji 2h00. Nilitafuta kosa mu safari nzima sikuona.

Yaya_Kampemba

Kosa haliko mu safari. Mautic haitumi yenyewe, inaamushwa na amri za saa, kuna moja ya kupanga upya makundi, moja ya kuingiza watu mu safari, moja ya kusukuma hatua. Umeme ukikatika 18h00 zile amri hazipigwi, na ukirudi 2h00 mashine inawaka, inakuta kazi zote za jioni zimefika wakati wake, inazituma. Iko sahihi kwa upande wake. Fanya mawili: uihamishe ku seva ya kukodi, ndogo tu, na uweke saa za kunyamaza, kwa mfano 20h00 mpaka 7h00 hakuna kitu kinatoka, kilichokwama kinangoja asubuhi. Simu ikilia 2h00 kwetu mutu anafikiri kifo.

Himbi_Goma

Na WhatsApp? Watu wengi huku wanasoma WhatsApp kuliko SMS.

Yaya_Kampemba

Ndiyo, na vile vitufe vya kujibu njo mlango mzuri kuliko bip. Lakini tenganisha vitu viwili. Ile aplikesheni ya bure ya WhatsApp Business, listi yake ya kutuma inabeba watu 256, na inafika paka kwa mutu aliyehifadhi namba yako mu simu yake. Iko na salamu ya kwanza, na jibu la wakati hauko, basi. Safari ya kweli inataka ile njia ya makampuni, wanaiita API, na pale huandiki unavyotaka: mutu akikuandikia unapata saa 24 za kuongea naye kwa uhuru, zikiisha unatuma paka modele, meseji iliyoandikwa tayari na kukubaliwa mbele na Meta, wenye WhatsApp. Modele ziko za matangazo, za huduma na za kuhakikisha mutu, na tangu tarehe 1 Julai 2025 bei ya modele inahesabiwa kwa kila meseji. Yetu ya chanjo ni ya huduma. Siku moja patro alitaka tuongeze chini yake "na chakula kiko promosheni wiki hii", na kwa ile sentensi moja modele inakuwa ya matangazo, bei ingine. Nilikataa, na si kwa bei tu. Mutu anayengoja kujua chanjo ni lini hapaswi kuuziwa gunia mu pumzi ileile. Gunia liko na meseji yake, siku ya kubadilisha chakula, na pale analihitaji kweli.

Vitufe ni vitatu: "Wako wazima", "Nimeuza", "Nimepoteza". Akibonyeza lolote, yeye njo ameongea, saa 24 zimefunguka.

Kolwezi_depo

Mteja akichukua loti ya pili ya vifaranga na ya kwanza bado haijaisha?

Yaya_Kampemba

Hapo njo programu nyingi zinavunjika, na uliza hii mbele ya kulipa. Nyingi zinamuhesabu mutu, hazihesabu loti. Mutu yuko siku ya 30, analeta vifaranga vipya, programu inasema huyu tayari iko ndani, haimuingizi, ama inamutoa na kumuanzisha upya na loti ya kwanza inapotea. Salesforce mu Journey Builder, sehemu yao ya kujenga safari, wanakuuliza wazi: asirudi kabisa, arudi wakati wowote, ama arudi paka akiisha kutoka. Zingine unatafuta. Sisi tuko na sehemu mbili za tarehe, loti A na loti B, na safari mbili zinazofanana, na ndani ya meseji tunataja tarehe ya kushuka ili mama ajue ni kibanda gani. Si suluhisho zuri, linachosha kila ukibadilisha neno moja, lakini halidanganyi mutu.

Depo_Likasi

Patro wetu anataka kupima kama meseji zinaleta pesa, anasema tuache nusu ya watu bila meseji tulinganishe.

Yaya_Kampemba

Kulinganisha ni sawa, ni njia ya kweli kuliko kuhesabu waliofungua. Lakini acha nusu bila zile za kuuza, za chakula, za loti ijayo. Za chanjo na za joto hapana, zile wote wapate. Huwezi kumuficha mutu siku ya Gumboro ili upate hesabu nzuri ya mwisho wa mwezi.

Na watu waulizwe kama wanakubali meseji, waambiwe ni za nini, na tarehe waliyokubali iandikwe. Tuko na Code du numérique, sheria ya Kongo ya mambo ya mtandao, tangu mwezi wa tatu 2023, habari za mutu si zako kwa sababu tu alinunua kwako.

Mwana_wa_Ruashi

Yaya swali la mwisho. Akibonyeza "Nimepoteza", mulimuandikia modele gani? Nataka niige.

Yaya_Kampemba

Hakuna modele. Akibonyeza pale safari inakufa palepale, loti zote mbili zinasimama mpaka tujue ni ipi, na jina lake linatokea ku simu yangu na ya vet wetu. Tunampigia siku ileile mbele ya kufunga. Hatumuambii habari ya kununua tena. Tunauliza wangapi, waliondoka namna gani, usiku ama muchana, walikuwa wanahara ama walilundikana, na moto ulikuwa wa nini. Kama ni baridi tunamuelezea namna ya kuzungusha kartoni ili wasipate kona, na kulinda makala zisizimike kabla ya alfajiri. Mwezi wa sita na wa saba sasa tunaongeza meseji moja ya saa 17h00 kwa siku 10 za kwanza, ya makala tu, na ile inatoka paka kwa walioshusha mu ile miezi ya baridi.

Yule mama wa Katuba nilimupigia pia, nimechelewa siku tano. Aliniongelesha karibu nusu saa. Ile habari ya kona ya kibanda, yeye njo alinifundisha.